Riwaya Zisizo na Haraka

Shuleni tulifundishwa kuihoji riwaya kama polisi anavyomhoji mtuhumiwa. Dhamira kuu ni ipi, migogoro ni ipi, mwandishi ana msimamo gani, falsafa yake ni nini, jina la kitabu linasadifu yaliyomo au halisadifu. Ninao marafiki ambao hadi leo watakutajia dhamira za kitabu walichosoma kidato cha nne, lakini ukiwauliza mhusika mkuu alikuwa anakula nini, au alipata wapi hela ya nauli, wanakutazama tu. Swali ambalo halikuwahi kutoka kwenye mtihani wowote ni lile dogo kuliko yote: je, ulikipenda? Na kama ulikipenda, ulipenda nini hasa?

Nimekuja kulijibu ukubwani, tena dukani. Nauza vifaa vya uvuvi Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki: nyavu, uzi, kamba, maboya, ndoano, taa. Mtu wa bara asiyejua mambo ya ziwa hudhani biashara yangu inafuata kalenda ya ukutani. Inafuata mwezi. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu zilizochanika, wanagombana na matajiri wao kuhusu mahesabu, na hapo ndipo duka langu linapojaa. Giza likirudi wanaingia ziwani, na mchana wanalala. Mimi naketi nyuma ya kaunta na kitabu. Usomaji wangu una msimu, na kila anayenifahamu anajua siku za kunikuta nikisoma na siku za kunikuta nikipiga kelele za bei.

Kwa kusoma hivyo miaka mingi nimeacha kabisa kutafuta riwaya bora. Riwaya bora zina majaji wake na tuzo zake, nami sina ugomvi nao. Ninachotafuta ni riwaya ya kwangu, ile nitakayoirudia bila kuombwa wala kulazimishwa, na kwa muda sasa nimekuwa nikichunguza ni nini kinachofanya kitabu kimoja kivuke upande huo na kingine, pengine kilichoandikwa vizuri zaidi, kibaki ng'ambo. Jibu langu halitamfaa kila mtu, ndiyo maana ya kupenda. Lakini naweza kulisema: napenda riwaya ambayo mwandishi wake hana haraka na mambo madogo.

Nianze na kisa cha taa. Nilikuwa na riwaya moja, sitaitaja, inayohusu mvuvi wa ziwa letu. Kurasa za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha ukaja usiku ambao mvuvi huyo anaingia ziwani kuvua dagaa, mwezi mpevu umeangaza maji yote mpaka milima ya upande wa pili inaonekana, naye anawasha karabai zake na dagaa wanakusanyika kwa maelfu. Ni kipande kizuri, chenye maneno matamu. Mimi nilikwama hapo hapo. Nikamwazima kitabu mzee mmoja mteja wangu, mvuvi aliyestaafu ambaye huja dukani kuzungumza zaidi ya kununua, bila kumwambia lolote. Alikirudisha akiwa amekunja ukurasa ule ule.

"Mama," akaniambia, "huyu aliyeandika hajalala ziwani hata usiku mmoja."

Nikamwomba anifafanulie, ingawa nilijua. Akasema dagaa huifuata taa kwa sababu kwingine kote ni giza. Mwezi ukiwaka, ziwa zima ni taa; karabai yako itamwita nani? Hakuendelea na kitabu. Nilimwambia kwamba huko mbele kuna mapenzi, kuna kesi, kuna mtu anarudi baada ya kudhaniwa amekufa. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshafunga hesabu na mwandishi.

Najua kuna msomaji wa Dodoma au Arusha atakayepita ukurasa ule bila kugundua chochote, na pengine akakipenda kitabu kuliko vyote. Sina haki ya kumwambia amekosea. Ila kwangu mimi riwaya ni mkopo. Mwandishi ananiomba nimwamini katika mambo nisiyoweza kuyahakiki: mke wa mvuvi aliwaza nini alipobaki peke yake, mtoto aliogopa nini. Dhamana anayoweka ni yale ninayoweza kuyahakiki. Akinidanganya kuhusu taa, habari ya moyo wa mke nitaipokea kwa sababu gani?

Wala simaanishi kwamba riwaya lazima iwe ya mambo ya kweli. Bibi yangu alitusimulia hadithi za sungura na fisi, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza sungura alijifunza wapi kusema. Lakini fisi wa bibi alikuwa mlafi toka mwanzo wa hadithi mpaka mwisho, na jambo likishatendeka halikutenguliwa kwa sababu bibi amechoka anataka kwenda kulala. Uongo wenye utaratibu naupenda sana. Unaoniudhi ni uvivu.

Jambo la pili linalonivuta ni kazi. Nataka kujua watu wa kwenye riwaya wanaishi kwa nini. Utashangaa ni vitabu vingapi ambavyo watu wake wanapendana, wanasalitiana, wanakunywa chai, wanalia, na huwezi kujua nani alilipia ile chai. Mimi nikifika ukurasa wa hamsini sijajua mhusika anapataje hela, naanza kumshuku yeye na aliyemtunga.

Ndiyo maana Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, imo kwenye rafu yangu ya karibu. Inamhusu Rashidi, kijana wa Unguja anayeingia kazi ya ukuli bandarini, na inatupeleka hadi mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Darasani imewahi kufundishwa kwa ajili ya umoja, mapambano na ukombozi, na vyote hivyo vimo. Lakini mimi sikuipendea ukombozi. Niliipendea mzigo. Kuna mabega mle ndani, kuna mgongo, kuna mtu anayepima nguvu zake na njaa yake kabla ya kuinama. Mimi Unguja sijawahi kufika, bahari naijua kwa picha. Ila kila siku naona vijana wa mwaloni wakibeba magunia ya dagaa kuyapeleka kwenye malori, mengine ya safari ndefu hadi Kongo, na nikisoma Kuli naona wanaelewana, wa huku na wa kule, bila mkalimani. Mshikamano wa makuli ulinigusa kwa sababu tayari nilikuwa nimeubeba mzigo pamoja nao. Mwandishi angeanza na mshikamano, nadhani ningekubali kwa kichwa nikaendelea na mambo yangu.

Sasa niseme habari ya kitabu ninachokipenda kuliko vyote, ambacho watu wengi niliowapa wamenirudishia kwa adabu bila kukimaliza. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Hata jina lake halina haraka.

Kitereza alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe, hapo ng'ambo yetu, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliandika riwaya yake kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyeichapisha. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, yeye akiwa mzee sana. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala za kitabu chake hazijamfikia. Nikifikiria miaka hiyo thelathini na mitano huwa nasikia hasira, halafu nacheka kidogo, maana hakuna mwandishi aliyestahili zaidi kuandika juu ya kusubiri.

Kisa chenyewe unaweza kukisimulia daladala ikiwa bado haijatoka stendi. Myombekere na Bugonoka wameoana, wanapendana, hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamnyanyasa mke kwa maneno. Wazazi wa Bugonoka wanakasirika, wanamchukua binti yao. Myombekere anabaki na nyumba isiyo na mtu. Anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Huko mbele wanatafuta tiba, na mwisho wanapata watoto, Ntulanalwo na Bulihwali. Basi.

Lakini Kitereza hakukupa kisa cha kusimulia stendi. Amekupa mtu anayekwenda ukweni. Anavyofika, anavyopokewa, anavyosalimiwa na kusalimia, anavyokaa, chakula kinavyoletwa, maneno yanavyozungushwa kabla ya kufikishwa kwenye shida yenyewe. Halafu ile pombe: ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, pombe inachacha, inatafutiwa wa kuibeba. Kurasa zinakwenda. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliniambia kwa upole kwamba kile si riwaya, ni kumbukumbu ya mila na desturi iliyovishwa majina ya watu. Nimeisikia kauli hiyo kwa wengine pia, na ni kweli kwamba Kitereza alitaka kuhifadhi mambo ya Wakerewe yasipotee. Hakuficha.

Ila mimi naona mwalimu amekosa kitu. Fikiria Myombekere yuko pale, mbele ya wakwe. Mkewe yuko kwenye boma hilo hilo, pengine anamsikia sauti. Yeye anataka neno moja tu: mchukue mkeo. Na kila kinacholetwa mbele yake, kila salamu, kila tonge, kila swali la habari za huko utokako, linakaa kati yake na neno hilo. Hawezi kuruka hata moja. Mkwe hakimbizwi. Sasa niambie, hapo hakuna kitu kinachotokea? Mimi hubanwa pumzi. Mtu akienda ukweni kuomba msamaha, urefu ndio jambo lenyewe. Mwandishi akiufupisha amebadilisha kilichotokea, ametoa ombi na kuweka taarifa ya ombi.

Na pombe ni hivyo hivyo. Ile ni faini. Inachukua siku, na siku zile zote nyumba ya Myombekere haina mke. Kila hatua ya kuivisha ndizi ni hatua ya mtu aliyepweke anayefanya kazi kwa mikono ili asahau kwamba anasubiri. Sikumbuki Kitereza akiandika kwamba "upweke ulimtafuna" kwa namna waandishi wa siku hizi wanavyopenda kuandika. Ananionyesha mikono, ananiachia upweke niutoe mwenyewe.

Nisieleweke vibaya. Upole wa mwendo peke yake hauna thamani kwangu. Kuna waandishi wanaochelewa kwa sababu wanajisikiliza wao wenyewe: jua linazama kwa ukurasa mzima, machozi yanateremka shavuni kwa aya tatu, mhusika anasimama dirishani anawaza maana ya maisha na dirisha lenyewe hujui linatazama wapi. Huko mimi huwa naruka. Nachelewa kwa furaha panapokuwa na mikono, heshima, chakula, hela, njia. Nachelewa kwa hasira panapokuwa na mawazo ya mwandishi yaliyovalishwa nguo za mhusika. Na akinigeukia kabisa kunifundisha, "ewe msomaji, unaona matokeo ya tamaa," nafunga kitabu nahesabu maboya.

Wenyeji wa hapa wakisikia napenda riwaya hutegemea nitaje Rosa Mistika kwanza. Ni haki yao. Euphrase Kezilahabi ni mtoto wa Ukerewe pia, mzaliwa wa Namagondo, na riwaya hiyo aliyoitoa mwaka 1971 ni ya huku kwetu moja kwa moja: Rosa, baba yake Zakaria, mlevi anayewachunga mabinti kwa ukali usio na mapenzi ndani yake, na maafa yanayofuata binti akishatoka mkononi mwake. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na baadaye mashule hayo hayo yakaja kuifundisha. Ni kitabu kikubwa. Nikisoma najua njia anazopita Rosa, najua hata harufu ya mahali.

Wala si kipenzi changu. Kwa muda mrefu nilidhani nina kasoro, maana kitabu cha nyumbani, chenye nguvu kiasi hicho, kingepaswa kushika nafasi ya kwanza. Sasa nadhani naelewa. Kezilahabi ana haraka na Rosa. Ana jambo la kusema kuhusu malezi na analisema kwa ghadhabu, na ghadhabu haikai chini. Msiba unavuta msiba. Rosa hapati jioni moja ya kukaa tu na wadogo zake bila kitu kumwangukia, na mimi ningempenda zaidi kama ningemwona jioni hiyo. Namheshimu mwandishi, nililia kwenye kitabu chake, na sijakirudia. Kumbe kufahamu mahali ni upendeleo wa sura mbili za mwanzo tu. Baada ya hapo kitabu kinajitegemea, kiwe cha Namagondo au cha Unguja.

Shemeji yangu, anayeendesha bodaboda maeneo ya Buzuruga, ananiona nimepotea kabisa. Yeye ni mtu wa Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya. Alirithi kwa kaka yake nakala iliyochakaa ya Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, haina hata jalada, na anaisoma kijiweni akisubiri abiria. Nilijaribu siku moja kumtania kwamba mpelelezi asiyechoka wala kuumwa na jino si mtu. Akanijibu kitu ambacho kimenibadilisha mawazo.

"Shemeji, wewe unasoma mchana mzima. Mimi nasoma mpaka mteja akiniita. Kitabu changu lazima nikikifunga katikati ya risasi, nikikifungua risasi iwe bado hewani."

Nimekuwa nikiamini kwamba tunachopenda kinatoka rohoni. Kumbe nusu yake inatoka kwenye ratiba. Yeye ana dakika, zimekatwakatwa, na kila moja inaweza kuwa ya mwisho kwa saa nzima. Mimi nina mchana wote wa giza la mwezi, na nikienda Nansio, kule Ukerewe, nina saa za ndani ya meli ambazo hakuna wa kunidai chochote. Mpe shemeji mchana wangu, huenda akavumilia pombe ya ndizi. Niweke mimi kijiweni, huenda nikamtamani Willy Gamba. Huenda. Sina hakika.

Kuna na mengine madogo nisiyoyapa uzito, lakini yamo. Herufi ndogo sana zimeninyima vitabu viwili vitatu vizuri, macho hayana siasa. Mazungumzo ya wahusika yakisikika ya taarifa ya habari, mama na mtoto na mlevi wote wanasema Kiswahili kimoja kilichopigwa pasi, napoa. Napenda mtu mbaya ambaye ningefurahi kukaa naye kwenye benchi la duka akinipigia soga, kuliko mtu mwema ambaye ningetafuta kisingizio cha kumkwepa. Mwisho wa kitabu haunisumbui sana. Wengi wanaulizana iliishaje, mimi vitabu vyangu nivipendavyo vingine nimesahau vinaishaje, nakumbuka tu mtu fulani akiosha vyombo.

Siku hizi nikitazama vitabu vya mtumba vilivyopangwa kwenye turubai kando ya barabara mjini, sisomi maneno ya nyuma ya jalada. Nafungua katikati. Natafuta mtu mmoja anayefanya kitu kimoja kwa mikono yake. Nikimpata, nasoma aya hiyo nione kama mwandishi anajua kinachofuata baada ya hatua ya kwanza. Muuzaji ameshanizoea, ananiita mkaguzi.

Mpinzani wangu mkubwa ni wifi yangu wa Nansio, Mkerewe kamili, ambaye Rosa Mistika anairudia na kulia kila mara. Nilimwachia nakala yangu ya Kitereza nikimwambia haiwezekani mtoto wa kisiwa asiimalize. Akaimaliza, kwa kiburi tu. Ilipokuja kunirudia nikakuta ameipiga mistari kwa kalamu ya risasi pembeni, kurasa kwa kurasa.

"Wifi, hii nini?"

"Nimekuwekea alama pale ambapo pangekatwa. Ukitoa hizo, kitabu kinakuwa kizuri, tena chembamba."

Nikapekua. Alama zilikuwa kwenye safari ya ukweni. Zilikuwa kwenye salamu. Kwenye pombe alipiga mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini, akageuza ukurasa, akaendelea. Hakukosea hata mahali pamoja: yote ninayoyapenda yalikuwa yamehukumiwa. Nikamwuliza sasa ingebaki nini.

"Ingebaki habari yenyewe, wifi."

Tulibishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemhamisha mwenzake. Alama zake sijazifuta. Kitabu ni kinene na zamani nilikuwa napoteza muda kutafuta vipande ninavyovitaka. Sasa nafuata kalamu yake tu.